Viwango vya chini vya umeme, maji na maji ya moto kwenye nyumba ya kuishi: tuwekane sawa kabla ya plasta

NyundoMbili (mwanzisha uzi)

Wakuu, humu kila siku mtu anauliza kama bei ya waya aliyopewa na fundi ni sahihi. Soketi zinahesabiwa, taa zinahesabiwa, hata rangi ya swichi inajadiliwa kurasa tatu. Ethi, ule waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, haiulizwi. Basi tuweke hapa kiwango cha chini kabisa kwa nyumba ya kuishi, kile ambacho kikipungua hiyo nyumba haifai kulala watu. Mafundi bomba na watu wa gesi mtajazia, mimi naanza na umeme.

Nyumba zetu nyingi zinaletewa laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) kutoka kwenye nguzo, halafu ethi unajichimbia mwenyewe uani kwa rodi ya shaba. Sasa piga hesabu. Rodi ikiwa na ukinzani wa omu 20, na kwenye mchanga mkavu hiyo ni rodi nzuri sana, laivu ikigusa bodi ya friji, yaani mwili wake wa chuma, mkondo utakaopita kwenda ardhini ni 230 gawa kwa 20, yaani ampea 11.5. Breka ya soketi ni ampea 20 au 32. Haisikii kitu. Friji inaendelea kugandisha na bodi yake ina umeme, hadi mtu aliyetoka kupiga deki peku aishike mlango.

Ndiyo maana breka peke yake haitoshi. Breka inalinda waya usiungue. Anayelinda mtu ni RCD ya miliampea 30. Hiyo inalinganisha mkondo unaotoka kwenye laivu na unaorudi kwenye nyutro. Vikitofautiana kwa miliampea 30 inakata ndani ya milisekunde 300, na mvujo ukiwa mkubwa mara tano ya hapo inakata ndani ya 40. Kwa RCD hata rodi dhaifu inasaidia, ingawa ikipita omu 200 usiitegemee, kiangazi kitaipandisha zaidi.

Kwa hiyo kwangu kiwango cha chini kinaanzia hapo: RCD ya miliampea 30 kwa soketi zote na kwa kila kitu kinachokutana na maji. Meini swichi ikate laivu na nyutro pamoja. Taa waya wa 1.5 (ni milimita za mraba, unene wa waya) na breka ya ampea 6 au 10. Soketi waya wa 2.5 na breka ya 20. Ukitaka breka ya 32 kwenye 2.5, lazima waya uzunguke soketi zote urudi tena kwenye boksi, yaani ringi. Mafundi wengi wanaweka 32 kwenye mstari unaoishia chumba cha mwisho. Waya huo ukiwa ndani ya bomba ukutani unabeba ampea 20 hadi 24 tu, kwa hiyo unaungua breka ikiwa inatazama. Jiko la umeme lipewe mstari wake, waya wa 6 na breka ya 32. Na waya wa ethi ufike kila soketi na kila taa yenye chuma, hata kama taa ya leo ni ya plastiki. Kesho mama mwenye nyumba ataleta shandelia.

MamaMjengo

Asante sana mkuu. Nyumba yangu ni vyumba vitatu, mabomba ya waya yameshalazwa, plasta bado. Fundi anasema RCD inasumbua, inakatakata hasa mvua ikinyesha, na wateja wake wote wameishia kuitoa. Anataka tuweke breka tupu. Namjibu nini?

NyundoMbili

Mama, mwambie RCD haikati bila sababu, ila inataka fundi anayejua kuitafuta sababu. Ziko nne na zinajirudia.

Ya kwanza ni nyutro kuchanganywa. Kwenye boksi, nyutro za mistari iliyo chini ya RCD zina baa yake, na zisizo chini ya RCD zina baa nyingine. Nyutro moja ya taa ikikaa baa isiyo yake, ukiwasha tu taa hiyo RCD inaona mkondo umetoka haukurudi. Inakata.

Ya pili ni nyutro kugusa ethi, mara nyingi skrubu ya soketi imetoboa waya nyuma ya boksi la ukutani. Hii inawachanganya wengi kwa sababu RCD inaendelea kukata hata ukizima breka zote. Breka ndogo zinakata laivu tu, nyutro inabaki imeunganishwa. Dawa ni kuzima meini, kutoa nyutro kwenye baa moja baada ya nyingine na kupima kila moja dhidi ya ethi. Inayoonyesha kugusana na ethi ndiyo yenyewe.

Ya tatu ni maji kuingia: taa za nje, boksi la kuunganishia lililo chini ya bati linalovuja, pampu ya kisima. Hiyo ya "mvua ikinyesha" ni hapa, na RCD imefanya kazi yake.

Ya nne ni mivujo midogo kujumlishwa. Friji, mashine ya kufua, kompyuta, kila kimoja kinavujisha kidogo kihalali. Jumla isipite asilimia 30 ya kiwango, yaani miliampea 9. Usiweke nyumba nzima chini ya RCD moja; gawa mbili au tatu, au weka breka zenye RCD ndani yake kwa kila mstari. Friji ipate yake, usije ukasafiri ukakuta nyama imeoza kwa sababu ya taa ya getini. Na ukinunua chukua aina A, siyo AC, kwa kuwa vifaa vya inveta vinavujisha mkondo ambao aina AC inaweza isiuone.

Kabla ya plasta na tena kabla ya kuwasha, fundi apime insulesheni, yaani kama ganda la waya halivujishi, kwa mita ya volti 500. Megaomu 1 ndicho kiwango cha chini cha kukubalika, lakini waya mpya unatakiwa kusoma makumi au mamia. Ukiona 2 kwenye nyumba mpya kuna mahali waya umechubuka, ndiyo wakati wa kuutafuta. Fundi asiye na mita hiyo hana namna ya kujua alichokifanya.

KalipaYaVenia

Naunga mkono, naongeza la waya wenyewe. Sokoni kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Unapitisha umeme kama theluthi mbili ya shaba halisi, unalegea kwenye skrubu, unachemka. Kata kipande, kwangua ncha kwa kisu: ndani kukiwa kweupe, rudisha dukani. Waya wa shaba pia ni mzito mkononi, roli ya alumini unaibeba kama mkate.

La pili ni waya mwembamba kuliko ulivyoandikwa. Nenda na kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Waya wa 1.5 wa uzi mmoja una kipenyo cha milimita 1.38, wa 2.5 ni 1.78. Zile za nyuzi saba: wa 2.5 kila uzi 0.67, wa 4 kila uzi 0.85, wa 6 kila uzi 1.04. Uzi ukisoma 0.60 kwenye roli iliyoandikwa 2.5, hiyo ni 2 hata muuzaji akiapa. Nembo ya TBS (Shirika la Viwango) iwepo, lakini nembo nayo inachapishwa, kalipa haichapishwi.

Na msijaze mabomba. Bomba la milimita 20 waya sita za 2.5 zinatosha. Zikizidi zinavutwa kwa nguvu, ganda linachubuka kwenye kona, na hapo ndipo ile megaomu 2 ya mkuu inapotokea.

Jembe_la_Mkono

Mnatisha watu bure. Nyumba za zamani Kariakoo zimekaa miaka na fyuzi za waya, hakuna RCD wala nini, watu wapo.

NyundoMbili

Mkuu, nyumba hizo zilikuwa na taa na redio. Leo zina shawa ya umeme, mashine ya kufua na friji mbili. Fyuzi ile ile, mzigo siyo ule ule.

StimaPwani

Salamu kutoka Mombasa. Huku kiini cha maneno ni shawa ya umeme ya papo hapo, ile ya kichwani, kwa sababu maji ya visima ni ya chumvi. Naona Dar mna tatizo hilo hilo.

Ndani ya shawa hizi koili iko wazi, inaguswa na maji yenyewe. Maji ya mfereji hayapitishi stima sana. Maji ya chumvi yanapitisha vizuri sana, kwa hiyo sehemu ya mkondo inateremka na maji kuelekea kwa anayeoga. Kinachomwokoa ni waya wa ethi wa shawa, ambao unauchukua mkondo huo kabla haujatoka kwenye matundu. Ule waya wa kijani ambao fundi anaukunja na kuuficha ndani ya kifuniko, ndio huo.

Mambo matatu basi. Nunua ile iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, yenye koili iliyofunikwa. Ni ghali zaidi, lakini ile ya kawaida kwenye maji ya chumvi koili inaliwa upesi, na RCD haitatulia hata siku moja. Hapo ndipo fundi anapotoa RCD badala ya kubadilisha shawa, yaani anatoa kengele na kuacha moto.

Waya: shawa ya wati 5500 inakula ampea 24 kwa volti 230. Ya 7500 inapita 32. Ya kwanza ipate waya wa 4 na breka ya 32, ya pili waya wa 6 kwenda juu, na wa 10 kama boksi liko mbali au waya umezikwa ukutani, na breka ya 40. Mstari wake peke yake toka kwenye boksi, usiutoe kwenye soketi ya chumba. Swichi iwe ya ampea 45 inayokata nyaya zote mbili, ikae nje ya bafu. Ile ya ampea 20 yenye kitaa chekundu utaiona imekuwa kahawia pembeni baada ya miezi michache, hiyo ni plastiki inaungua.

Maungio: usitumie kile kikonekta cha plastiki cha skrubu nyuma ya shawa. Joto linakiyeyusha. Tumia cha kauri, au viungio vya kubana kwa koleo lake.

Na soketi ya kawaida isiwe ndani ya mita 2.5 kutoka shawa. Mashine ya kufua ndani ya bafu dogo haikubaliki, hata mwenye nyumba akisema nafasi ni hiyo tu.

MamaMjengo

Mimi nilikuwa naelekea kwenye hita ya tangi, lita 80, iwe ya bafu mbili. Hiyo si salama zaidi?

KokiKavu

Dada, hapa nimeitwa. Kwa umeme ndiyo, kwa sababu koili imefungwa ndani ya mrija. Lakini hita ya tangi ina hatari yake na hiyo ni ya fundi bomba.

Maji yakipashwa yanaongezeka. Kutoka nyuzi 20 hadi 60 yanaongezeka kama asilimia 1.5, kwa hiyo lita 80 zinatafuta pa kuweka zaidi ya lita moja. Kwenye bomba la maji baridi la hita kuna valvu ndogo ya shaba yenye mshale na kipini: inazuia maji ya moto kurudi nyuma na inafungua presha ikifika baa 7 au 8, kutegemea iliyoandikwa. Hita ikiwa inapasha, hiyo valvu inadondosha matone. Ni kawaida! Mwenye nyumba anaona sakafu imelowa, anaita fundi, fundi anaziba kwa plagi. Kuanzia siku hiyo hita haina pa kupumulia. Thamostati (swichi inayozima maji yakishapata joto) ikikwama na maji yakapita nyuzi 100 chini ya presha, tangi likipasuka sehemu ya maji inageuka mvuke papo hapo, na mvuke unachukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji. Ukuta hautabaki.

Kwa hiyo ungeni mrija kwenye ile valvu uteremke hadi kwenye tundu la sakafu ya bafu, mdomo wake uonekane na usiwe na koki. Kati ya valvu na hita kusiwe na koki pia. Kila mwezi nyanyua kipini maji yatoke kidogo, maana chokaa ya maji ya kisima inaigandisha.

Hita yenyewe ina uzito: lita 80 ni kilo 80 za maji bila kuhesabu chuma. Ukuta wa tofali la inchi 5 lenye matundu haubebi kwa boliti za plastiki. Pitisha boliti hadi upande wa pili na bati la chuma, au jenga nguzo ya zege wakati huu ambao plasta bado. Ikiwa ya wati 3000 usiichomeke kwenye plagi ya ampea 13, inafanya kazi ukingoni saa nzima na plagi inayeyuka. Ipe waya wake na swichi ya kukata nyaya mbili.

Nyuzi ngapi? Weka 60. Chini ya 50 bakteria wa lejionela wanastawi ndani ya tangi. Lakini maji ya nyuzi 60 yanababua ngozi kwa sekunde chache, ya mtoto haraka zaidi, kwa hiyo bafu liwe na mikisa (koki ya kuchanganya moto na baridi), na ufungue baridi kwanza.

Mwanagenzi_VETA

Fundi KokiKavu, na mabomba ya PPR, yale ya plastiki ya kuchomelea? Site nyingi wanatumia yale yale kwa moto na baridi.

KokiKavu

Yale yale siyo tatizo kama ni PN20 au PN25 (PN ni daraja la presha), tatizo ni kutumia PN10 kwa maji ya moto. Soma bomba, limeandikwa. Mstari mwekundu kwa kawaida ni la moto, bluu la baridi, ila soma maandishi.

Kuchomelea ni nyuzi 260. Bomba la milimita 20 linaingia milimita 14 kwenye kifaa, sekunde 5 za kupasha, sekunde 4 za kuliunganisha, dakika 2 usiliguse. La 25 sekunde 7. La 32 sekunde 8 na dakika 4 za kupoa. Weka alama ya kina kwa penseli kabla. Kosa la kila siku ni kupasha muda mrefu na kusukuma sana: plastiki inajikunja ndani na kuziba tundu. Nje unaona kiungo kizuri, ndani umebaki na tundu la kalamu, halafu watu wanalaumu tangi kuwa halina presha. Lingine ni kuzungusha bomba wakati wa kuingiza. Ingiza wima moja kwa moja.

Kabla ya plasta ziba vichwa vyote, jaza maji, toa hewa, pandisha hadi baa 10 kwa pampu ya mkono. PPR inatanuka kidogo mwanzoni, sindano itashuka, pandisha tena. Ikitulia ndipo uhesabu saa moja. Ikishuka tena, tafuta. Bomba la juu ya paa lipake rangi au lifunike, jua linalikausha likawa kama kaukau.

Presha ya tangi: kila mita 10 za kimo ni baa 1. Tangi lililo mita 3 juu ya shawa linakupa baa 0.3 tu. Shawa ya papo hapo inataka angalau mita moja, chini ya hapo inawaka na kuzima, na koili inaungua kwa kukosa maji. Tangi la lita 2000 ni tani 2, msiliweke juu ya mbao za dari.

Jembe_la_Mkono

Sasa hilo la presha si unafunga pampu kwenye bomba la DAWASA kazi inaisha?

KokiKavu

Hapana mkuu. Pampu ikinyonya bomba la mtaani moja kwa moja, presha ndani ya bomba inashuka chini ya ile ya nje, na penye ufa wowote maji machafu yaliyo ardhini yanavutwa ndani. Unakunywa wewe na jirani. Bomba la mtaani liingie kwenye tangi la chini kwa boya, mdomo wake uwe juu ya usawa wa maji, halafu pampu ivute kutoka tangini.

Kwa kuwa tumefika huko: maji taka. Bomba la choo inchi 4, mteremko sentimita 2.5 kwa kila mita. Sinki la jikoni inchi 1½, la kunawia inchi 1¼. Kila kimoja na mtego wake wa harufu wenye maji ya kina cha milimita 50 hadi 75, na bomba la kupumulia lipande juu ya paa. Bila bomba hilo, ukiflashi choo maji ya mtego wa sinki yananyonywa, harufu inaingia na mende nyuma yake. Chemba kwenye kila kona, kwa sababu siku litakapoziba huwezi kupitisha fimbo kwenye kona iliyozikwa.

Kisima na shimo la maji taka viachane angalau mita 30. Sasa kiwanja cha mita 20 kwa 20, hata ukipima kona hadi kona, kina mita 28 na ushee. Hesabu haikubali. Kisima hapo kiwe cha kufulia na kumwagilia, cha kunywa hapana, na usisahau kuwa jirani naye ana shimo lake.

BaridiYaMakete

Nyie wa pwani mnaongelea kuoga. Huku Makete na Njombe mwezi wa saba watu wanalala na jiko la mkaa chumbani. Kiwango cha chini cha kupasha nyumba kwangu ni kimoja: mkaa usiingie chumba cha kulala, hata ukiwa umeshika vizuri, hata bila moshi. Mkaa usiotoa moshi ndio unaodanganya. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, inashika damu mahali pa oksijeni. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na wote chumbani wanaumwa pamoja. Aliyelala hapati hata dalili. Kufungua dirisha kidogo si kinga ya kutegemea. Mnaomudu jiko la kuni lenye bomba la moshi linalotoka juu ya paa, hilo sawa, ila bomba lisiungwe kwa bati linalovuja ndani. Vifaa vya kupiga kengele ya gesi hiyo vipo, weka kwenye chumba cha kulala.

Hita ya maji ya gesi nayo ni hivyo hivyo. Isifungwe ndani ya bafu lililofungwa. Ikae nje ukutani chini ya kibanda, au iwe na bomba la moshi la kutoka nje kabisa. Na jenereta iwe angalau mita 6 mbali na milango na madirisha.

NyundoMbili

Jenereta umenikumbusha. Kuna watu wana waya wenye plagi pande mbili, wanachomeka jenereta kwenye soketi. Meini ikisahaulika, umeme unarudi kwenye nguzo, transfoma inaupandisha hadi kilovolti 11 au 33, na fundi wa TANESCO yuko juu akijua laini imezimwa. Chenjiova swichi, ile ya kuchagua TANESCO au jenereta, basi. Hili halina mjadala.

Mtungi15

Gesi ya kupikia kwa ufupi. Ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini. Tundu la kupitisha hewa la jikoni liwe usawa wa sakafu, la juu dirishani halitoshi. Mtungi ukae wima, nje ikiwezekana, bomba lipite ukutani ndani ya bomba jingine la kulikinga. Mpira usizidi mita 1.5, usipite nyuma ya jiko penye joto, ubanwe kwa kilipu pande zote mbili, ubadilishwe kila miaka mitano au mara ukionyesha nyufa ukiukunja. Kupima uvujaji ni povu la sabuni, kiberiti kamwe.

Watu hawajui ni kiasi gani kinatosha. Kilo moja ya gesi ni karibu nusu mita ya ujazo. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.7 kina mita 24 hivi za ujazo, na gesi inaanza kulipuka ikifika asilimia 2 ya hewa. Yaani kilo moja inatosha chumba kizima, na kwa kuwa inakaa chini, pungufu ya hapo inatosha sakafuni. Mtungi mdogo una kilo 6. Ukisikia harufu: funga mtungi, fungua milango, usiwashe wala kuzima swichi, toka.

Mpangaji_K

Sisi wapangaji hatupimi omu. Naingia chumba jioni, mwenye nyumba anasubiri kodi ya miezi sita mlangoni. Naangalia nini ndani ya dakika kumi?

StimaPwani

Ndugu, fungua mlango wa boksi la stima. Tafuta swichi yenye kitufe cha T, hiyo ndiyo RCD. Hakuna? Hiyo ndiyo habari kuu. Ipo? Bonyeza, lazima ikate. Lakini shika hili: kitufe kinapima mashine ya ndani tu, hakipimi ethi. RCD itakata vizuri kwa kitufe hata rodi ya uani ikiwa imeng'olewa na kuuzwa chuma chakavu. Kwa hiyo toka nje, tafuta waya wa kijani unaoingia ardhini, uguse kama kibano kimelegea.

Kuna kitesta cha kuchomeka kwenye soketi chenye taa tatu, ni bei ndogo. Kitakuambia laivu na nyutro zimegeuzwa au ethi haipo. Hakitakuambia ethi ni nzuri kiasi gani, wala hakitagundua fundi aliyeunga ethi na nyutro pamoja nyuma ya soketi. Huo ni ujanja wa hatari: nyutro ikikatika, bodi ya kila kifaa inapata volti 230. Ukishuku, fungua soketi moja meini ikiwa imezimwa.

Halafu gusa soketi za jikoni. Ya moto au yenye doa la kahawia imelegea ndani. Fungua shawa. Ukisikia msisimko hata mdogo kwenye koki, usioge hapo, zima breka ya shawa.

Na ekstensheni: ampea 13 ndiyo mwisho wake, zote kwa pamoja. Birika la wati 2000 na pasi ya wati 2200 kwenye moja ni ampea 18.

KalipaYaVenia

Mpangaji akikuta hakuna RCD na mwenye nyumba hataki kugharamia, kuna adapta za kuchomeka zenye RCD ndani. Hazifai shawa, lakini pasi, birika na jokofu dogo zinapita. Bora kuliko maombi.

Mwanagenzi_VETA

Rodi ikipimwa ikasoma omu 300, tunaambiwa tumwage chumvi na mkaa. Mnasemaje?

NyundoMbili

Chumvi inashusha namba siku ya kupimwa. Mvua ya masika inaiosha, na inayobaki inakula kibano. Ongeza rodi ya pili ya mita 1.5, umbali kutoka ya kwanza usipungue urefu wa rodi, mita 3 ni nzuri zaidi, ziungwe kwa waya wa shaba wa 16 wenye ganda. Zikikaribiana sana zinashindania udongo ule ule. Chagua penye unyevu wa kudumu, chini ya bomba la nje au panapomwagikia maji ya kufulia. Acha chemba ndogo yenye kifuniko ili kibano kionekane na kipimwe mwisho wa kiangazi, maana kipimo cha mwezi wa nne kinakudanganya.

MamaMjengo

Fundi amekubali RCD tatu na kupima kabla ya plasta, ana leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) nimeiona. Swali la mwisho: waya alizokwisha kupitisha ni nyekundu na nyeusi. Roli niliyonunua jana ni kahawia na bluu. Avute upya?

NyundoMbili

Asivute upya. Nyekundu na kahawia ni laivu, nyeusi na bluu ni nyutro, kijani na njano ethi, zote za shaba na unene ule ule hazina shida. Hatari iko kwenye umeme wa fezi tatu: kwa rangi mpya nyeusi ni fezi, kwa za zamani nyeusi ni nyutro, na bluu ilikuwa fezi, sasa ni nyutro. Kama nyumba yako ni ya fezi tatu, mstari mmoja usichanganye rangi, na kwenye kila kiungo avishe kipande cha bomba au tepu ya rangi sahihi. Halafu abandike karatasi ndani ya mlango wa boksi yenye maneno "rangi mbili humu", pamoja na orodha ya breka ipi ni ya chumba kipi. Kabla ya plasta piga picha kila ukuta, tepu ya kupimia ikiwa imewekwa sakafuni, ili anayekuja kutundika kabati ajue waya ulipo.

MamaMjengo

Tumefunga. Picha napiga kesho asubuhi kabla mchanga haujafika.